Kwa Nini Mtafiti wa Magonjwa Anauliza Maswali Mengi Hivyo?

Ugonjwa usiojulikana unapozuka kijijini, magari ya halmashauri hufika na wahudumu waliovaa barakoa. Pamoja nao huja watu wengine wenye madaftari na tableti, ambao hawachomi sindano wala hawagawi vidonge. Wao wanauliza. Ulianza kuumwa siku gani? Juzi ulilala wapi? Nani alimwogesha marehemu? Maji ya kunywa mnateka wapi?

Kwa familia iliyo msibani, maswali hayo huweza kuonekana kama upekuzi. Wapo wanaoyakimbia, wapo wanaojibu nusunusu ili wageni waondoke. Makala haya yanajibu maswali ambayo wananchi wenyewe huuliza kuhusu watafiti hao na kazi yao inayoitwa epidemiolojia. Lengo ni kuonyesha kwamba mahojiano yale ni sehemu ya tiba, na kwamba jibu la kweli linalotolewa mapema huokoa maisha hata kabla dawa haijapatikana.

Epidemiolojia ni nini, na inatofautianaje na udaktari wa wodini?

Daktari wa wodini anamtazama mgonjwa mmoja na kuuliza: huyu anaumwa nini, nimtibuje? Mtaalamu wa epidemiolojia anaitazama jamii nzima: nani wanaumwa, wapi, tangu lini, na wana jambo gani ambalo majirani zao wazima hawana? Majibu yakipangwa vizuri, chanzo cha ugonjwa huanza kuonekana.

Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu katika mtaa wa Soho jijini London, daktari John Snow aliorodhesha waliokufa na mahali walipoishi. Wengi walikuwa wanateka maji katika pampu moja ya Broad Street. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu, na bakteria wake hawakuwa wakijulikana kwa wataalamu. Hata hivyo, mpini wa pampu ile uliondolewa kwa sababu hesabu ya Snow ilionyesha palipokuwa na hatari.

Kwetu nako kazi hii ina historia ndefu. James Christie, daktari kutoka Scotland aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kuanzia 1821 hadi 1872. Aliwauliza wafanyabiashara na wasafiri habari za njia walizopita. Kwa habari hizo alieleza jinsi ugonjwa ulivyoshuka kutoka bara kupitia nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, kisha ukavuka hadi Unguja mwishoni mwa mwaka 1869. Hakuwa na maabara ya kupima vimelea. Alikuwa na masimulizi ya watu wa misafara, na yalitosha kuchora njia ya ugonjwa.

Mlipuko hugunduliwaje?

Mara nyingi anayeugundua si profesa. Ni muuguzi wa zahanati anayeona wagonjwa watatu wenye dalili zilezile ndani ya wiki moja. Ni mwenyekiti wa kitongoji anayepata taarifa ya misiba miwili katika nyumba moja, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeambiwa na mama mmoja kwamba homa ya safari hii si ile waliyoizoea.

Julai 2022, katika Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, walipatikana wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, uchovu mkali na damu kutoka puani. Hofu ilitanda, kwa kuwa damu huwakumbusha watu Ebola. Sampuli zilipopimwa, hazikuonyesha Ebola wala Marburg, ugonjwa mwingine wa virusi. Wizara ya Afya ya Tanzania ikatangaza kwamba ugonjwa huo ulikuwa homa ya Mgunda, yaani leptospirosisi. Wakati huo wagonjwa 20 walikuwa wameripotiwa, na 3 kati yao walikuwa wamefariki.

Kulijua jina kulibadili kila kitu. Homa ya Mgunda huletwa na bakteria wanaotoka katika mkojo wa wanyama, wakiwamo panya, na inatibika kwa antibaiotiki. Hatari yake kubwa iko kwenye maji na udongo uliochafuliwa na mkojo huo, na ni nadra mtu kumwambukiza mwenzake. Bila uchunguzi, kijiji kingeweza kuwakimbia wagonjwa wake huku watu wakiendelea kukanyaga maji yaleyale kwa miguu mitupu.

Kwa nini wananiuliza habari za safari, ndugu na mazishi?

Kwa sababu ugonjwa wa kuambukiza husafiri kwa njia za watu: safari zao, upendo wao na kazi zao.

Machi 2023, Tanzania ilitangaza mlipuko wake wa kwanza wa Marburg, katika Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera. Wachunguzi walipowauliza watu, walibaini kwamba mgonjwa wa kwanza aliyetambuliwa alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba katika Ziwa Victoria, akaanza kuumwa baada ya kufika kijijini kwake. Waliofuata kuambukizwa walikuwa watu wa familia yake na wahudumu wa afya. Maabara ilithibitisha kuwa virusi ni vya Marburg, lakini maabara haiwezi kusema nani alimuuguza nani. Habari hiyo ilitoka vinywani mwa ndugu na majirani.

Virusi vya Marburg huishi katika popo walao matunda wanaokaa mapangoni. Vikishamwingia binadamu, huenea kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi au majimaji mengine ya mgonjwa, na mwili wa marehemu una virusi vingi. Ndiyo maana swali la nani aliyemwogesha marehemu linaulizwa. Anayeuliza hatafuti wa kumlaumu. Anamtafuta mtu aliyefanya wajibu wake kwa marehemu, ili akianza kupata homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asije akawaambukiza watoto wake.

Kwa nini nifuatiliwe siku 21, na kwa nini mlipuko hutangazwa kuisha baada ya siku 42?

Virusi vikiingia mwilini havionyeshi dalili papo hapo. Kwa Marburg na Ebola, dalili huanza kati ya siku 2 na 21 tangu mtu aambukizwe. Aliyemgusa mgonjwa hupimwa joto na kuulizwa hali yake kila siku hadi siku ya 21. Akivuka hapo bila dalili, anarudi kwenye shughuli zake bila wasiwasi, na jirani hana sababu ya kumnyanyapaa. Katika mlipuko wa Kagera wa 2023, watu zaidi ya 200 walifuatiliwa kwa njia hiyo.

Siku 42 ni 21 mara mbili. Zinahesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho apimwe mara ya pili na kukutwa hana virusi, au tangu azikwe kwa usalama. Muda huo unatosha kumwibua mgonjwa yeyote aliyepitiwa. Kagera, kipimo hicho cha mwisho kilipatikana tarehe 19 Aprili, na mlipuko ukatangazwa kuisha tarehe 2 Juni 2023.

Kila ugonjwa una muda wake. Kipindupindu huanza ndani ya saa chache hadi siku 5, ndiyo maana mhojaji wa kipindupindu anataka kujua ulichokula na kunywa siku chache tu zilizopita.

Mimi siumwi. Kwa nini nami nihojiwe au nipimwe?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu anaweza kubeba vimelea bila kujua. Wengi wanaoambukizwa bakteria wa kipindupindu hawapati dalili, au wanaharisha kidogo tu, lakini kinyesi chao huweza kuwa na bakteria hao kwa siku kadhaa. Mtu huyo akitumia choo kibovu kilicho karibu na kisima, mtaa mzima unaweza kuugua.

Sababu ya pili ni kwamba bila watu wasioumwa, chanzo hakipatikani. Tuchukue mfano wa kubuni. Wagonjwa 20 wanahojiwa, na 18 kati yao walikula pilau la harusi. Ukiishia hapo, utalilaumu pilau. Kisha wanahojiwa watu 20 wasioumwa, na nao 18 walikula pilau hilohilo. Hapo pilau linaondoka kwenye lawama. Lakini swali la maji linaonyesha kwamba wagonjwa 17 walikunywa maji ya kisima cha bondeni, na kati ya wasioumwa ni 3 tu. Sasa kisima ndicho cha kutiliwa shaka, na sampuli ya maji yake inakwenda maabara. Kwa hiyo wewe uliye mzima ndiwe unayewawezesha wachunguzi kulinganisha. Ukikataa kuhojiwa, wanaweza kufunga mgahawa usio na kosa na kuacha kisima kiendelee kuua.

Kwa nini idadi ya wagonjwa hubadilika kila siku? Je, tunadanganywa?

Idadi hubadilika kwa sababu uchunguzi unaendelea. Mwanzoni kuna wahisiwa, yaani watu wenye dalili zinazofanana na za ugonjwa unaotafutwa. Wakipimwa, baadhi hukutwa na malaria au homa ya matumbo na kuondolewa kwenye orodha. Wanaobaki ni waliothibitishwa na maabara. Kuna pia kundi la tatu, la watu waliofariki na kuzikwa kabla ya kupimwa, lakini dalili zao na uhusiano wao na wagonjwa wengine vinaonyesha kwamba karibu hakika walikuwa na ugonjwa huo.

Mlipuko wa pili wa Marburg mkoani Kagera, uliotangazwa tarehe 20 Januari 2025 wilayani Biharamulo, unaonyesha uzito wa kundi hilo la tatu. Maabara ilithibitisha wagonjwa 2. Wengine 8 walitambuliwa kwa mahojiano na familia zao. Kama hesabu ingetegemea vipimo tu, mlipuko ungeonekana mdogo mara tano kuliko ulivyokuwa, na familia za watu hao 8 zisingeelezwa kilichowafika.

Ukisikia taarifa, uliza namba hiyo ni ya wahisiwa, ya waliothibitishwa, au ya wote kwa pamoja. Uvumi mwingi huanza pale mtu anapolinganisha idadi ya wahisiwa ya leo na idadi ya waliothibitishwa ya jana.

Ugonjwa ni mmoja. Kwa nini mahali pengine unaua wengi na pengine wachache?

Tuangalie milipuko mitatu ya Marburg katika ukanda wetu. Kagera, mwaka 2023, watu 9 waliugua na 6 wakafariki. Rwanda, mwaka 2024, waliugua 66 na kufariki 15, sawa na takriban watu 23 katika kila 100. Biharamulo, mlipuko wa 2025, wote 10 walifariki.

Inabidi kuwa waangalifu, kwa kuwa idadi ni ndogo, na pale ambapo wagonjwa wenye dalili nyepesi hawakugunduliwa, kiwango cha vifo huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Hata hivyo, tofauti moja ni wazi, nayo ni muda. Rwanda, wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Walifuatiliwa kwa karibu, wakatambuliwa mapema na kulazwa kwenye hospitali zenye vyumba vya uangalizi maalumu, wakapata dripu, oksijeni na dawa za majaribio. Biharamulo, mgonjwa wa kwanza aliyetambuliwa alianza kuumwa tarehe 9 Desemba 2024, wiki sita kabla ya mlipuko kutangazwa. Watu 8 walikuwa wameshafariki kabla ya ugonjwa kujulikana. Hakuna aliyepata nafasi ya kuwatibu akijua anapambana na nini.

Marburg bado haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Tulicho nacho ni uangalizi mzuri unaoanza mapema, na uangalizi hauwezi kuanza mapema kama habari zimechelewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ugonjwa wa kuambukiza kifo hicho hakimpati aliyeficha peke yake.

Kwa nini mara wanachanja, mara wanawafuatilia waliomgusa mgonjwa, mara wanatibu maji?

Hatua hufuata jinsi ugonjwa unavyoenea na kasi yake. Surua hupita kwa hewa. Katika jamii isiyo na kinga, mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Kwa Ebola, mgonjwa mmoja kwa kawaida huambukiza watu wawili hivi, kwa sababu inahitaji kugusana.

Kutokana na kasi hiyo, ili surua isienee, watoto wapatao 95 katika kila 100 wanapaswa kupata dozi zote mbili za chanjo. Ukiwaacha watoto 15 katika 100 bila kinga, surua itawapata, na itamfikia pia mtoto mchanga ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika. Kwa Ebola na Marburg, kuwatafuta waliomgusa mgonjwa mmoja mmoja huweza kukata mnyororo wote. Kwa kipindupindu, maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini na vyoo salama ndiyo kinga kuu, na chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, inayojulikana kama ORS, huokoa wagonjwa wengi ikianza kunywewa mara tu mtu anapoanza kuharisha.

Kwa nini watafiti hupita nyumba kwa nyumba hata pasipo na mlipuko?

Ili kujua kwamba leo kuna jambo geni, lazima kwanza tujue hali ya kawaida. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, watafiti wamekuwa wakiwatembelea wakazi kila baada ya miezi michache tangu mwaka 2000, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Nchini Tanzania, Taasisi ya Afya ya Ifakara imefanya kazi ya namna hiyo tangu miaka ya 1990.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimokokasi, bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, mwaka 2011. Je, chanjo ilisaidia? Swali hilo lilijibiwa Kilifi, kwa kuwa kumbukumbu za miaka ya kabla ya chanjo zilikuwepo. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, maambukizi makali ya aina za bakteria zinazokingwa na chanjo yalipungua kwa asilimia 92. Kila mama aliyefungua mlango na kujibu maswali yaleyale mwaka baada ya mwaka alichangia kupatikana kwa jibu hilo, na serikali za nchi nyingine zinalitumia.

Je, siri zangu zinalindwa? Ninaweza kukataa?

Hapa kuna mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Utafiti ni wa hiari. Hauwezi kuanza bila kibali cha kamati ya maadili. Nchini Tanzania utafiti hupitiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Kenya taasisi kama KEMRI zina kamati zake. Una haki ya kuelezwa lengo kwa lugha unayoielewa, kuona kitambulisho cha mtafiti, kukataa, au kujitoa katikati bila kunyimwa matibabu. Jina lako hubadilishwa kuwa namba kabla ya matokeo kuchapishwa.

Mlipuko wa ugonjwa hatari ni suala jingine. Sheria za afya ya jamii, kama ile ya Tanzania ya mwaka 2009, huipa serikali mamlaka ya kuchunguza na kumtenga mgonjwa ili kulinda wengine. Hata hapo, utu wako haupotei: anayekuhoji anapaswa kujitambulisha, kukuheshimu na kutotangaza majibu yako mitaani. Akikiuka hayo, mlalamikie kwa mganga mkuu wa wilaya. Jamii iliyodhalilishwa hujifunza kuficha, na mtafiti anayevunja heshima anaharibu kazi yake na ya watakaomfuata.

Je, kazi hii imewahi kuumaliza ugonjwa kabisa?

Ndiyo. Oktoba 1977, mjini Merca nchini Somalia, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipata ndui baada ya kupanda gari moja na wagonjwa. Waliokutana naye walitafutwa na kuchanjwa, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Maalin mwenyewe baadaye alijitolea kuhamasisha chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi yaliyompata, na alikuwa bado katika kazi hiyo alipofariki mwaka 2013.

Chanjo ya ndui ilikuwapo tangu karne ya 18. Kilichokosekana ni watu wa kumtafuta kila mgonjwa, kuuliza amekutana na nani, na kuchanja kila aliyetajwa.

Basi mimi nifanye nini?

Ukiona watu wawili au zaidi wenye dalili kali zinazofanana, au vifo visivyoeleweka vya watu au wanyama, toa taarifa siku hiyohiyo kwa zahanati, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kwa kiongozi wa mtaa. Tanzania unaweza kupiga 199 bila malipo. Usisubiri uhakika, kuthibitisha ni kazi ya maabara.

Usimwogeshe wala kumgusa marehemu aliyefariki kwa homa isiyojulikana kabla ya kuwauliza wahudumu wa afya. Mazishi ya heshima na salama yanawezekana, na viongozi wa dini wameshiriki kuyafanikisha katika milipuko mingi.

Weka kadi za chanjo za watoto mahali pa usalama. Ukiulizwa, taja tarehe unazokumbuka, na usipokumbuka sema hukumbuki, kwa sababu tarehe ya kubuni huwapotosha wachunguzi kuliko tarehe inayokosekana.

Na mtafiti akibisha hodi, mwombe kitambulisho, mkaribishe, mwambie ukweli. Kisha nawe muulize: mlipata nini mlipokuja mara ya mwisho, na matokeo yametusaidiaje? Una haki ya kujibiwa, kwa sababu matokeo hayo yametokana na majibu yako.